Kamera nyepesi ya filamu ya inchi 4 kwa 5: mvukuto uache

*Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Lushoto. Mjomba wangu aliyefanya kazi Ujerumani miaka mingi ameniachia lenzi ya Schneider Angulon ya milimita 90, f/6.8, pamoja na shata yake (kifaa kinachofungua na kufunga mwanga), na holda mbili, yaani vifuko vigumu vya kubebea filamu gizani, za inchi 4 kwa 5. Kamera yenyewe haikuwepo. Nataka kuitengeneza nyumbani, iwe nyepesi kiasi cha kutembea nayo kwa miguu mpaka Mtae, siku tatu au nne. Nimeanza kukunja mvukuto wa karatasi lakini kila mara unapasuka kwenye kona. Nitumie kitambaa gani? Na mbao ipi ni nyepesi kuliko zote?*

Marahaba, mwalimu. Mvukuto, yaani ule mkunjo wa karatasi au kitambaa unaounganisha lenzi na nyuma ya kamera, uache. Sisemi hivyo kwa sababu umekushinda. Kona humpasukia kila anayejifunza, na dawa yake ipo. Nasema hivyo kwa sababu lenzi uliyoachiwa haiuhitaji, na mzigo wako utapungua zaidi kwa kuuacha kuliko kwa mbao yoyote utakayoitafuta.

Tuanze na kazi ya mvukuto, maana watu wengi huutengeneza kwa kuwa tu wameuona kwenye picha za kamera za zamani. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kuruhusu lenzi isogee mbele na nyuma ili picha iwe kali. Ya pili ni kuruhusu lenzi ipandishwe, ishushwe au ilazwe bila kuigusa filamu, kwa mfano unapopiga jengo refu na hutaki lionekane linaanguka nyuma. Kamera zilizoanza kuuzwa Paris mwaka 1839, zile za Giroux za picha za Daguerre, hazikuwa na mvukuto. Zilikuwa masanduku mawili, moja likiteleza ndani ya jingine, na zilitosha.

Sasa itazame lenzi yako kwa kazi ile ya pili. Filamu ya inchi 4 kwa 5 inabeba picha ya takriban milimita 95 kwa 120, na ukipima kutoka kona hadi kona unapata kama milimita 153. Duara la picha la Angulon ya milimita 90, yaani eneo la mviringo ambalo lenzi inalimulika, kwa vipimo vya Schneider wenyewe, ni milimita 154 ukiwa umefunga tundu la lenzi hadi f/16 (namba ya f ikikua, tundu linapungua). Lenzi hii inaifunika filamu na kuishia hapo hapo. Ukiipandisha sentimita moja tu, kona zinaingia giza. Vyuma na skrubu zote za kupandisha na kulaza lenzi ungezibeba mlimani bure.

Kwa kazi ya kwanza ninakuomba ukae na kalamu. Lenzi ya milimita 90 ikitazama mbali kabisa, inakaa mahali pake pa msingi. Ukitaka kitu kilicho karibu kiwe kikali unaisogeza mbele, na kiasi cha kusogeza unakipata hivi: 90 mara 90, gawanya kwa umbali wa kitu ukishautoa 90, vyote kwa milimita. Kitu kikiwa mita 1.5 mbele yako, jibu ni kama milimita 5.7. Kikiwa mita 4, ni milimita 2 na kidogo. Basi mwendo wote unaouhitaji kwa milima, nyumba na watu haufiki milimita 6. Mvukuto wa nini kwa mwendo mfupi kuliko unene wa penseli?

Mwendo huo utaupata kwa vipande vya kuweka kati ya ubao wa lenzi, yaani ubao wa mbele unaoishika lenzi, na sanduku. Hivi ndivyo ninavyofanya kwenye kamera zangu za lenzi pana, na nimepiga hesabu ya lenzi yako kwa ukali unaokubalika kwa filamu hii, yaani nukta ya kitu isitokee kwenye filamu kama kitone kinachozidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Bila kipande chochote, ukifunga hadi f/16, kila kitu kuanzia mita 5 hivi hadi upeo wa macho kinakuwa kikali. Ukiweka kipande cha milimita 2 na kufunga hadi f/22, unapata mita 2 hadi upeo wa macho. Ukiweka cha milimita 6, bado kwa f/22, unapata kuanzia mita 1.1 hadi 2.2, na hapo ndipo utakapompiga mtu picha ya kifua. Vipande viwili, na umeshayafunika yote. Cha milimita 2 ni mabati mawili ya alumini ya milimita moja moja yaliyogundishwa. Cha milimita 6 ni plaiwudi mbili za milimita 3. Vyote vikate kama fremu yenye tundu kubwa katikati. Mimi kile cha milimita 2 hukiacha kwenye kamera muda wote.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa na mvukuto wa kitambaa cha mwavuli, reli ya alumini na vifundo vya shaba, na ilizidi kilo 2. Nilijivunia nayo. Nikaipeleka Irente, pale ukingoni ambapo milima inakatika na nyika inaanza chini kabisa, alasiri, wakati upepo unapanda kutoka bondeni. Nilipiga filamu nane. Sita zilitikisika, kwa sababu mvukuto uliukamata upepo kama tanga. Filamu hizo nilikuwa nimeziagiza nje kwa fedha za miezi miwili. Tangu hapo kila ninapotaka kuongeza kitu kwenye kamera ya safari najiuliza kwanza kama picha itakosa kitu nikikiacha.

Kwa hiyo jenga sanduku gumu. Kuhusu mbao, plaiwudi ya milimita 3 inatosha kabisa, na usihangaike kutafuta nyepesi zaidi. Hesabu yake ni hii: sanduku la nje sentimita 13 kwa 16, kina kama sentimita 9, pamoja na ubao wa mbele na fremu ya nyuma, linakula kama sentimita 900 za mraba za plaiwudi. Hizo ni kama gramu 175. Ungeibadilisha kwa ubao wa ajabu wenye nusu ya uzito ungeokoa gramu 90 tu, chini ya uzito wa machungwa mawili. Kampuni ya Intrepid ya Brighton, Uingereza, inatengeneza kamera za inchi 4 kwa 5 kwa plaiwudi, zenye mvukuto na kila kitu, na zinakaa karibu na kilo 1.2. Yako ikiwa na lenzi na kioo haitafika gramu 600.

Sehemu mbili tu usizitengeneze kwa plaiwudi nyembamba: kipande cha chini kinachopokea skrubu ya stendi, na fremu ya nyuma inayopokea holda. Hapo tumia mninga. Mninga ukishakauka haupindi wala hausinyai kirahisi, ndiyo maana mafundi milango wanaupenda, na wewe utatoka kwenye baridi na ukungu wa Lushoto hadi jua la tambarare. Nenda kwa seremala umwombe mabaki. Vipande unavyohitaji ni vidogo kuliko anavyovitupa. Kwenye kile cha chini zamisha nati ya robo inchi yenye nyuzi 20 kwa inchi na uigundishe kwa epoksi. Jaribu skrubu ya stendi yako kwenye nati dukani kabla hujalipa.

Tafadhali usiombe mtu akuchapie sanduku kwa plastiki ya PLA kwenye mashine ya kuchapa vitu, hata kama ni bure. PLA huanza kulainika karibu na nyuzi joto 60 za Selsiasi. Sanduku jeusi ndani ya gari lililoegeshwa juani linafika huko, na kamera iliyopinda milimita moja upande mmoja haitengenezeki tena.

Sasa kipimo ambacho kazi yote inakitegemea. Usikisome popote, kipime kwenye lenzi yako mwenyewe. Kata kwanza ubao wa lenzi wa muda. Shata za kisasa za namba 0 zinataka tundu la milimita 34.6, lakini Angulon zilifungwa kwenye shata za aina mbalimbali kwa miaka mingi, hivyo pima uzi wa nyuma wa shata kwa kalipa ya venia ndipo utoboe. Halafu tengeneza sanduku la muda la kadibodi, ulifunge ubao wa lenzi mbele yake, na nyuma yake uteleze kioo cha ukungu, yaani kioo kilichokwaruzwa upande mmoja ambacho picha inaonekana juu yake. Fungua lenzi yote, f/6.8, elekeza kwenye mnara wa simu ulio mbali, kilomita moja au zaidi, ujifunike shuka jeusi na usogeze kioo mpaka mnara uwe mkali. Tumia kioo cha kukuzia. Kisha pima kutoka uso wa mbele wa ubao, pale shata inapokalia, hadi upande uliokwaruzwa wa kioo. Rudia mara tano, uchukue wastani. Tukiite kipimo hicho D.

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, na sitaki uwe mmoja wao. Filamu haikai kwenye uso wa holda. Imezama ndani. Kwa kiwango kinachofuatwa na watengenezaji, uso wa filamu ya inchi 4 kwa 5 uko kama milimita 4.8 nyuma ya uso wa holda unaogusa kamera. Kwa hiyo kutoka uso wa mbele wa ubao wa lenzi hadi uso wa fremu ya nyuma ya kamera, urefu wako ni D toa 4.8. Tuseme D imetoka milimita 94, basi jenga 89.2. Ukiisahau ile 4.8, kamera haitaweza kuona mbali hata siku moja: picha zote zitakuwa kali karibu na mita 1.8 na milima yote nyuma itakuwa pamba.

Jenga fupi kidogo, nusu milimita hivi, halafu rekebisha kwa vipande vya karatasi nene chini ya ubao wa lenzi. Kuongeza ni rahisi kuliko kupiga randa sanduku lililokwisha gundishwa. Pima pia kona zote nne, kutoka mbele hadi nyuma. Tofauti kati ya kona na kona isizidi milimita 0.3. Kwa f/22 unaruhusiwa kukosea hadi milimita 2 hivi mbele au nyuma, lakini ukitumia nafasi hiyo yote kwa uzembe wa mbao hutabakiwa na chochote cha kuchezea umbali, na vile vipande vyako viwili havitafanya kazi niliyokuahidi.

Kioo cha ukungu usinunue. Kata perspeksi ya milimita 2 iwe na ukubwa wa filamu, uikwaruze upande mmoja kwa msasa wa maji namba 400 kisha 600, kwa mizunguko midogo, mpaka isionekane mng'ao wowote. Ukitaka kioo cha kweli, tumia dawa ya kusagia valvu inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari: weka kidogo kati ya vioo viwili na usage kwa nusu saa. Kioo kinaonyesha vizuri zaidi, lakini perspeksi ina nusu ya uzito wake na haivunjiki begani. Kwa Mtae ningechukua perspeksi. Ifunge kwenye fremu yake ndogo inayokaa pale pale holda inapokaa, upande uliokwaruzwa ukitazama lenzi, nao uwe umezama milimita 4.8 ile ile. Ukikosea hapo, kioo kitakuambia mambo mengine na filamu itaona mengine.

Holda yako ina ukingo mdogo ulioinuka, unapita kwa upana karibu na mwisho wenye bamba la kuvuta, lile linaloifunika filamu. Ukingo huo unaingia kwenye mfereji wa fremu ya nyuma, na ndio unaozuia mwanga unapolivuta bamba. Pima ulipo kwenye holda zako mwenyewe na uchonge mfereji kwa kugundisha vipande viwili vya mninga vyenye nafasi katikati. Ni rahisi kuliko kuuchimba kwa patasi. Mahali pengine panapogusana na holda bandika mahameli nyeusi. Lakini kumbuka kwamba mahameli nayo ina unene. Ibandike kwenye kijishimo, isiwe juu ya uso ambao kipimo chako kinaanzia.

Kushikilia holda, usitafute springi. Kata mipira miwili mipana kutoka tyubu ya baiskeli, uifunge kwenye vishikizo vya pembeni vya fremu, ipite nyuma ya holda. Inakaza kuliko springi nyingi za kiwandani na ukiikata njiani utapata nyingine kwa fundi baiskeli yeyote. Kabla ya safari fanya mazoezi ya kuvuta bamba kwa mkono mmoja huku mwingine ukikandamiza holda.

Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa iliyochanganywa na unga laini wa msumeno. Uso unakuwa kama msasa na haurudishi mwanga kwenye filamu. Nje paka vanishi mara mbili ili unyevu usiivimbishe plaiwudi, hasa kwenye kingo zilizokatwa. Kisha usiku ingia chumba chenye giza, washa tochi ndogo ndani ya kamera, funga nyuma kwa holda, kaa dakika kumi macho yazoee, uitazame pande zote. Ukiona nyota yoyote, izibe.

Kwa kutazamia picha utakapokuwa na haraka, kata kadi yenye dirisha la milimita 95 kwa 120 na uzi wa sentimita 9 uliofungwa katikati ya ukingo wa chini. Uzi ukiugusisha chini ya jicho, dirisha linakuonyesha karibu kile kile lenzi itakachokiona. Mimi huzunguka na kadi hiyo kwanza, na kamera inatoka mfukoni nikishajua stendi inasimama wapi.

Majaribio yafanye kwa karatasi ya picha, usitumie filamu. Kata karatasi ya kuchapishia picha nyeusi na nyeupe kwa ukubwa wa filamu, chini ya taa nyekundu, uiweke kwenye holda na uihesabu kama ISO 6, yaani ina wepesi mdogo sana wa kuhisi mwanga. Jua la saa nne asubuhi, f/22, mpe nusu sekunde au pungufu kidogo. Simamisha vijiti kumi kwa mstari mbele ya kamera, mita 1 hadi 10, kila kimoja na namba yake, nyuma yao kukiwa na mlima. Piga mara tatu: bila kipande, na cha milimita 2, na cha milimita 6. Karatasi hizo tatu zitakuambia kama D ni sahihi. Mlima ukiwa na ukungu wakati kijiti cha mita 3 ni kikali bila kipande chochote, sanduku ni refu, punguza karatasi chini ya ubao. Sikiliza pia shata kwenye kasi ndogo. Shata iliyolala sandukuni miaka mingi huwa na grisi iliyokauka, na sekunde yake moja inaweza kuwa mbili.

Nimalizie na begi, kwa sababu hapo ndipo uzito unaporudi kwa mlango wa nyuma. Holda moja ya plastiki ni kama gramu 170. Ungenunua nne za kuongeza ufikishe sita, ungekuwa na kilo nzima ya holda kwa picha kumi na mbili, karibu mara mbili ya uzito wa kamera yako. Ongeza moja tu, ziwe tatu. Filamu yenyewe ni gramu 3 hivi kwa kipande, basi boksi la filamu 25 halifiki hata uzito wa holda moja. Beba boksi hilo na boksi tupu la pili kwa zilizopigwa, na kila usiku kwenye nyumba ya wageni, taa ikiwa imezimwa na mikono ikiwa chini ya blanketi zito, badilisha sita za siku hiyo. Zoea kazi hiyo nyumbani kwa kipande kimoja kilichoharibika, macho yakiwa yamefumbwa, mpaka vidole vijue alama za ukingoni za filamu: alama zikiwa kona ya juu kulia, upande wenye dawa unakutazama.

Stendi usiipunguze sana. Kamera hii haikamati upepo, hivyo stendi ya kilo moja na nusu itakutosha ukining'iniza mfuko wa mawe katikati yake. Chukua na waya wa kubonyezea shata.

Kabla hujakata vipande vya kamera yenyewe, nitumie vipimo vitatu: upana wa uzi wa shata, D, na umbali kutoka mwisho wa holda hadi ule ukingo ulioinuka. Nitakuchorea ubao wa lenzi na fremu ya nyuma kwa ukubwa wake halisi, ubandike mchoro juu ya plaiwudi na ufuate mstari kwa msumeno.